Jinsi ya kutumia mafuta ya karafuu kulegeza mishipa bila kujiunguza

Kila wiki lazima mtu aniulize kama mafuta ya karafuu yanashusha presha, sasa leo naandika yote mara moja. Na mshipa ninaosema hapa ni wa damu jamani, sio ule wa ngiri, maana kuna mzee nilimuelezea habari hii akaanza kunipa pole.

Ukuta wa mshipa wa damu una misuli, lakini sio kama ya mkono ambayo unaikaza ukitaka, hii inajikaza yenyewe. Kinachoikaza ni kalsiamu: ikiingia kwenye seli kupitia vimilango vyake, msuli unabana, njia ya damu inakuwa nyembamba. Sasa karafuu ina kitu kinaitwa eujenoli, ndio ile harufu ya kwa daktari wa meno, na kwenye mafuta yake ndio kingi kuliko vyote, mara nyingi asilimia 70 mpaka 90. Eujenoli inaviziba vile vimilango, kalsiamu inapungua, msuli unalegea. Amlodipini na nifedipini, vile vidonge vya presha, navyo vinabana milango hiyohiyo, tofauti ni kwamba kidonge kina kipimo na tone lako halina.

Watafiti walijuaje? Wanachukua mshipa mkuu wa panya wanaukata vipete vya milimita chache, kipete kimoja wanakining'iniza kwenye maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 37 yanayopuliziwa oksijeni, halafu kinafungwa kwenye kifaa kinachopima kinavuta kwa nguvu kiasi gani. Wanatia fenilefrini, dawa ya kubana mishipa, kipete kinabana, mstari kwenye kompyuta unapanda. Wanaongeza eujenoli kidogo kidogo, mstari unashuka. Wajanja hawaishii hapo, wanasugua ule utando wa ndani mpaka utoke halafu wanarudia, kwa sababu utando nao unatoa gesi yake ya kulegeza mshipa, naitriki oksaidi (ndiyo iliyowapa wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad tuzo ya Nobel mwaka 1998). Kwa eujenoli, hata utando ukitolewa mshipa bado unalegea, yaani inaenda kwenye msuli wenyewe. Watafiti wa Brazil, wa mji wa Fortaleza, wamefanya sana kazi hizi, na sio za karafuu tu, hata linaloli ya lavenda na sineoli ya mkaratusi.

Ila kumbuka kile kipete kimelowekwa. Mguu wako haujalowekwa, kwa hiyo usitegemee maajabu.

Haya, tuje nyumbani. Ukinunua mafuta, dondosha tone moja kwenye glasi ya maji. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama, yakielea yote juu ujue umeuziwa mafuta ya kupikia yenye harufu. Uliza pia ni ya karafuu yenyewe au ya makonyo (vile vijiti vya karafuu), ya makonyo ni bei rahisi na kwa kawaida eujenoli yake ni nyingi zaidi, kwa hiyo yanaunguza zaidi. Mimi nilipaka ya makonyo bila kuyachanganya na kitu kwenye muundi nikiona nikizidisha ndio nitapona haraka, nikalala siku mbili mguu nje ya shuka.

Kipimo ni matone 5 kwenye mililita 50 za mafuta ya nazi, basi. Matone 20 ni kama mililita moja, kwa hiyo hapo una nusu asilimia tu na inatosha kabisa. Tumia chupa ya glasi, vile vikombe vyepesi vya plastiki vya kutupa eujenoli inavilainisha vinanata. Paka kidogo ndani ya kiwiko usubiri mpaka kesho, pakiwasha achana nayo. Pakiwa salama, chua shavu la mguu au mabega kwa dakika kumi hivi, halafu gusa hapo kwa mgongo wa kiganja ulinganishe na mguu ambao hujapaka. Sisi weusi wekundu hauonekani sana, utaujua kwa joto. Joto hilo ni damu imekuja juu ya ngozi, ila tusidanganyane, sehemu kubwa ni kule kuchua kwenyewe na neva za ngozi zilizochokozwa, eujenoli inayofika kwenye mishipa mikubwa ni kidogo mno.

Ndio maana kunywa matone ili ushushe presha sikubali hata kidogo. Yakinywewa yanaumiza ini, na mtoto mdogo kijiko kimoja tu kinaweza kumpeleka ICU, kwa hiyo chupa iwekwe juu kabisa. Eujenoli pia inapunguza damu kuganda, anayetumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au aspirini kila siku aongee na daktari kwanza, mjamzito vilevile. Kwenye kidonda usipake. Na vidonge vyako vya presha endelea navyo kama ulivyoandikiwa.

Yakikuunguza usikimbilie maji, hayayatoi. Futa kwanza na mafuta ya nazi matupu kwenye kitambaa, mara mbili tatu, ndio uoshe na sabuni.