Jinsi ya kuchambua data za Git za timu ya madevelopa kwa ajili ya tasnifu

Hii ni kwa nyie mnaosoma masters pale Nelson Mandela Tengeru au popote hapa Arusha, mmeshapata timu iliyokubali kuwapa repo yao (hifadhi ya msimbo wao pamoja na historia yote ya mabadiliko, inayotunzwa na programu ya Git) na sasa hamjui muanzie wapi.

1. Ruhusa. Barua ya bosi peke yake haitoshi, ongea na madevelopa wenyewe maana majina na imeili zao zote zimo mle ndani, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

2. Shusha repo nzima kwenye laptopu halafu andika `git shortlog -sne --all`, inakupa orodha ya majina, imeili na idadi ya komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) za kila mmoja. Hapa ndo vituko vinaanza, mtu mmoja utamkuta mara tatu, mara Baraka, mara baraka-pc, mara na imeili ya chuo aliyoiacha zamani, sasa usipounganisha hayo majina timu ya watu wanne itaonekana ina watu tisa na kila grafu utakayochora baadaye ni uongo mtupu. Tengeneza faili la `.mailmap`, la kuiambia Git majina na imeili zipi ni za mtu mmoja, na usibahatishe, muulize mwenyewe "hii ni yako?" Ukivuta historia kwa `git log`, kwenye jina la mwandishi tumia `%aN` siyo `%an`, hiyo ya herufi ndogo haiangalii mailmap kabisa. Toa na roboti, kina Dependabot, programu zinazojiandikia komiti zenyewe. Ndo ubadilishe majina yawe D1, D2.

3. Masaa. Ukivuta kwa API ya GitHub (mlango wa programu kuchukua data kwenye tovuti hiyo inayohifadhi repo) muda unakuja wa UTC, yaani saa za kimataifa, sisi tuko mbele masaa matatu, kwa hiyo kazi ya saa mbili asubuhi inasomeka saa kumi na moja alfajiri. Ongeza masaa kwanza ndo uandike habari za watu kukesha.

4. Mistari ya msimbo: tumia mediani, achana na wastani. Mtu akipandisha `package-lock.json`, faili refu linalojiandika lenyewe, mara moja tu anakuharibia mwezi mzima, hilo faili liondoe.

5. Rudi na grafu kwa timu kabla hujaandika sura ya matokeo. Utakuta D3 mwenye komiti chache ndo anayekagua kazi za wenzake wote, au wanafanya squash, komiti ishirini zinamezwa zinakuwa moja. Data haikwambii hayo, na supavaiza lazima atauliza.

Na bosi akitaka zile grafu za D1 na D2 mpe ya timu nzima tu, watu wanne hao, atawajua dakika hiyohiyo.