Kutengeneza Mshale wa Mbao kwa Mkono na Kuupatanisha na Upinde Wake

Anayeanza kujifunza upigaji mishale wa kale kwa kawaida humaliza hamu na fedha zake zote kwenye upinde, kisha huokota mishale yoyote inayopatikana. Mimi hushauri kinyume chake. Upinde wa kawaida uliopewa mishale inayofanana, na inayolingana na nguvu zake, hulenga vizuri. Lakini hakuna upinde unaoweza kusawazisha mishale sita ambayo kila mmoja una uzito wake na ugumu wake.

Kazi huanza kwenye wano, yaani ule mti wa mshale. Njia mbili zimetumika tangu zamani. Ya kwanza ni kukata machipukizi yaliyonyooka ya kichaka, kuyafunga pamoja na kuyaacha yakauke kivulini kwa miezi kadhaa. Mtu wa kale aliyegunduliwa mwaka 1991 ndani ya barafu ya milima ya Alps alikuwa na podo lenye mishale 14, yenye mawano ya namna hiyo, ingawa ni miwili tu iliyokuwa imekamilika. Njia ya pili ni kupasua ubao na kuchonga wano kutoka humo. Katika meli ya kivita ya Kiingereza Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, ilipatikana mishale kwa maelfu, mingi ikiwa ya mti wa popla. Kwa anayeanza, msonobari mkavu unafaa kabisa.

Kabla ya kugusa randa, zitazame nyuzi za mti. Zinapaswa kwenda sambamba na ubao kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Pale zinapokatiza upande na kutokea katikati, ndipo mshale utakapovunjika wakati upote, yaani kamba ya upinde, unapousukuma, na kipande chenye ncha kinaweza kuingia katika mkono unaoshika upinde. Mbao ya aina hiyo iwekwe kando bila kuionea huruma.

Kata vijiti vya mraba vyenye upana wa milimita 10 hivi na urefu wa sentimita 80. Kilaze kijiti katika ubao uliochimbwa mfereji wenye umbo la V, uondoe pembe zake nne kwa randa ndogo hadi kiwe na pande nane, halafu uondoe pembe hizo mpya, na umalizie kwa msasa uliokunjwa kuzunguka wano huku ukilizungusha. Unene wa milimita 8 hutosha kwa upinde wenye nguvu za ratili 45 au chini yake, yaani uzito unaohitajika kuuvuta. Upinde mzito zaidi huhitaji milimita 9 au zaidi. Urefu wa mwisho hupatikana kwa kuvuta upinde mpaka pale mkono wako unapokoma siku zote, kutia alama kwenye wano mbele ya upinde, na kuongeza sentimita 3. Wano lililopinda hupashwa joto polepole juu ya moto mdogo au mvuke, hukunjwa kidogo kupita mstari ulionyooka, na hushikiliwa hivyo mpaka lipoe. Fanya mawano 20 ukihitaji mishale 12, kwa kuwa hatua inayofuata itayapunguza.

Hatua hiyo ni kupima ukakamavu, yaani ugumu wa wano, nayo ndiyo inayotenganisha mshale na kijiti chenye manyoya. Upote unapoachiwa, mshale hauendi ukiwa umenyooka: hupinda kuuzunguka upinde, hurudi, hupinda upande wa pili, na hutulia baada ya kwenda umbali fulani. Ukiwa mgumu mno haupindi vya kutosha kuukwepa upinde. Ukiwa laini mno hupinda kupita kiasi. Ili kupima, weka wano juu ya vigingi viwili vilivyoachana kwa sentimita 66, tundika uzito wa gramu 907, yaani ratili 2, katikati yake, na upime limeshuka kiasi gani. Gawanya 66 kwa sentimita ulizopata: wano linaloshuka sentimita 1.65 linaufaa, kwa makadirio, upinde wa ratili 40. Yakusanye mawano yenye majibu yanayokaribiana, kisha uyapime kwa mizani pia.

Mkato wa kupokea upote uwe na kina cha milimita 12 hivi, na uikate miviringo ya ukuaji wa mti badala ya kuifuata, maana upote ukikaa sambamba na miviringo hufanya kazi ya kabari. Zungushia uzi wa hariri au wa katani chini ya mkato huo, uupake gundi. Upande wa pili tia chembe cha chuma, yaani ncha ya mshale, kisha upige mshale huo ukiwa bado hauna manyoya, kutoka mita 8 tu, mbele ya kinga kubwa na laini. Kwa mtu wa mkono wa kulia anayeweka mshale kushoto kwa upinde, mshale unaokwenda kushoto ni mgumu, na unaokwenda kulia ni laini. Ulio mgumu huchongwa zaidi kwa msasa au hupewa chembe kizito. Ulio laini hufupishwa kidogo au hupewa chembe chepesi.

Manyoya ya bawa la bata bukini au bata mzinga yanafaa, mradi matatu ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja. Mishale yangu ya kwanza niliichanganyia mabawa yote mawili, nikashangaa kwa nini inayumba. Kumbe unyoya wa kulia ulitaka kuizungusha huku na wa kushoto kule. Pasua uti wa unyoya, uusugue uwe mwembamba, na ubandike vipande vya sentimita 12, kimoja kikisimama mraba na mkato ili kielekee mbali na upinde. Gundi ya ngozi hulegea ikipata unyevu, hivyo uzi mwembamba uzungushwe katikati ya manyoya kila baada ya milimita 5. Mwisho wa mbele wa uti ufunikwe kabisa na uzi huo, kwani ndio unaoichana ngozi ya mkono pale mshale unapopita juu yake.

Unapopiga, pachika mshale milimita chache juu ya mahali ambapo ungekuwa mraba na upote, uvute kwa vidole vitatu, kimoja juu ya mshale na viwili chini, na uachie kwa kulegeza vidole badala ya kuvifungua. Usiachie kamwe upote usio na mshale, na usitumie mshale mwepesi kuliko gramu 24 kwa upinde wa ratili 40, kwa sababu nguvu ambayo mshale haukuibeba hubaki katika upinde. Kila unapouchomoa mshale kwenye shabaha, ukunje taratibu karibu na sikio huku ukiuzungusha. Ukisikia mlio wa kukwaruza, uvunje vipande viwili papo hapo, ili mtu asije akauokota na kuupachika tena.