Nyumba mpya, kazi kila kona: rangi iwe ya mwisho

Ukihamia nyumba inayodai kazi kila kona, usikimbilie dukani kununua rangi. Anza na maji. Mvua ikinyesha, panda darini na tochi (kanyaga mbao, si jipsamu!) uweke alama ya chaki kila panapovuja, mara nyingi kilichochakaa ni mpira wa msumari, si bati lenyewe. Kisha, tangi likiwa limejaa, funga bomba zote, soma mita ya maji, uisome tena baada ya nusu saa. Ikisogea, kuna pa kuvuja. Tangi la choo ndilo la kushukiwa kwanza.

Soketi inayopata joto haisubiri mshahara: zima meni swichi, ita fundi umeme mwenye leseni.

Ukutani, gonga lipu kwa kidole. Ikilia kama debe tupu imeachana na tofali, ibandue. Lipu mpya ikae wiki nne kabla ya rangi, la sivyo unyevu utaitoa malengelenge. Wiki hizo maliza chumba kimoja tu, cha kulala, mpaka pazia. Vingine vifungie mlango.