Jinsi ya kumsaidia anaemuuguza mgonjwa wa akili nyumbani

Kama ndugu au jirani yako anamuuguza mtu mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo) usimwambie "ukiwa na shida nistue" alafu ukaondoka, hatakustua, hana hata nafasi ya kufikiria aombe nini. Mwambie kitu kamili: "Dada, jumamosi nakuja kukaa na kaka mpaka saa nane mchana, we nenda kalale." Usingizi ndo wa kwanza, maana hali ikimbadilika mgonjwa anazunguka ndani usiku kucha na anaemuuguza nae hafumbi macho. Kabla hajalala muulize dawa ni saa ngapi na nini kinamkera mgonjwa, na mgonjwa akisema anasikia sauti usibishane nae, mjibu taratibu tu.

Siku ya kliniki nenda nao. Kama vidonge ni ugomvi kila siku, mkumbushe amuulize daktari kuhusu sindano ya dawa inayochomwa mara moja kwa mwezi badala ya vidonge, wengine inawafaa na nyumba inatulia kidogo.

Maneno ya "karogwa huyo" jamani tuyaache, yanaumiza sana. Muulize na yeye anaeuguza, presha kapima lini? Akisema kachoka kuishi usimuache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.