Kulinda gari la spoti lisiibiwe: mwongozo wa fundi umeme wa magari

Mteja akinunua Porsche 911 au Nissan GT-R hapa Dar es Salaam, mara nyingi swali lake la kwanza kwangu halihusu injini. Huniuliza: "Fundi, hili gari nalilaza wapi ili na mimi nilale?" Ana haki ya kuuliza. Gari la namna hiyo kila mtu analigeukia, mtaa mzima unajua linaingia geti lipi, na vipuri vyake huwezi kwenda tu kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani ukavikuta vimepangwa rafuni. Kila kipande chake kina mtu anayekitafuta.

Kwa maoni yangu, hatari yenyewe haiko pale wengi wanapoitazamia. GT-R nzima ni vigumu kuipitisha kimyakimya mpaka mipakani Tunduma au Namanga. Anayelitaka gari lako ama anataka dakika chache aondoke na taa na vioo, ama anataka usiku mmoja alifikishe kwenye banda lililofungwa, likachinjwe. Vyote viwili vinahitaji muda na utulivu, na hivyo ndivyo tunavyokwenda kumnyima.

Hatua ya 1: Anza na ufunguo

Gari la kuwasha kwa kitufe hutoa wimbi dhaifu, kwa kawaida la kHz 125, linalofika mita moja au mbili tu. Ufunguo ukilisikia hujibu, na mlango unafunguka. Wezi wawili wenye vifaa wanaweza kurefusha mazungumzo hayo: mmoja anasimama kwenye gari, mwingine anasogea kwenye dirisha la sebule ulikoweka ufunguo. Gari linaamini uko hapo pembeni. Watafiti wa ETH Zurich walilionyesha jambo hili mwaka 2011 kwa magari ya aina 10 kutoka kwa watengenezaji 8.

Bei kubwa haikukingi. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, walinakili ufunguo wa Tesla Model S kwa sekunde chache. Mtengenezaji wa ufunguo ule, Pektron, ndiye aliyekuwa akiwauzia McLaren pia, na McLaren wakawapa wateja wao mifuko ya kuzuia mawimbi.

Mfuko huo nunua na wewe, lakini usiuamini kabla ya kuujaribu. Weka ufunguo ndani, ufunge vizuri, ugusishe kwenye kitasa cha mlango kisha vuta. Mlango ukifunguka, mfuko huo haufai. Rudia jaribio kila baada ya miezi michache, kwa sababu kile kitambaa cha ndani chenye madini huchanika kwenye mikunjo bila wewe kuona. Ufunguo wa akiba nao uwe na mfuko wake. Mara nyingi huwa umelala kwenye droo ya chumba kinachopakana na maegesho.

Baadhi ya funguo zinaweza kulazwa zenyewe. Kwa Mercedes nyingi, bonyeza kitufe cha kufunga mara mbili harakaharaka. Kwa Toyota na Lexus nyingi, shikilia cha kufunga huku ukibonyeza cha kufungua mara mbili, na kitaa cha ufunguo kitawaka mara nne. Magari mengine unazima huduma hiyo kwenye menyu ya gari lenyewe. Soma kitabu chake.

Kama gari limetumika, iwe limetoka Japani au Uingereza, mwambie fundi mwenye kompyuta ya kupimia akusomee ni funguo ngapi zimesajiliwa. Ukikabidhiwa mbili na gari linatambua tatu, ya tatu iko mkononi mwa mtu. Ifutwe siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Weka kizuizi cha pili cha kuwasha

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko penginepo, na ninaomba na wewe usiwe na haraka.

Ufunguo ukishalindwa, mwizi anayejua kazi huenda kwenye waya. Kuna mtandao wa waya uitwao CAN unaounganisha kontroboksi (kompyuta ndogo) zote za gari, na waya zake hufika hadi kwenye taa za mbele. Mwaka 2022 mtafiti wa usalama wa magari jijini London, Ian Tabor, alikuta bampa la Toyota RAV4 yake limevutwa na soketi ya taa imechomolewa. Baadaye gari lenyewe likaibiwa. Yeye na mwenzake Ken Tindell walifuatilia wakapata kifaa kilichofichwa ndani ya spika ndogo ya Bluetooth: kinaunganishwa kwenye waya za taa, kinatuma ujumbe wa uongo kwamba ufunguo sahihi upo, na gari linakubali. Kwa hiyo ukikuta bampa limelegea au soketi ya taa inaning'inia, usimlaumu paka. Lihamishe gari usiku huohuo.

Dawa ni kizuizi ambacho kiwandani hawakijui. Kuna njia mbili ninazozipenda.

Ya kwanza ni imobilaiza ya msimbo. Inaungwa kwenye CAN, nayo hairuhusu injini iwake mpaka ubonyeze vitufe vya gari lenyewe, vya usukani au vya vioo, kwa mpangilio unaoujua wewe. Haina rimoti wala taa inayowaka, na haitoi wimbi la kudakwa.

Ya pili ni rilei ya siri, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme. Wengi huikimbilia pampu ya mafuta. Mimi nakata waya mdogo wa amri ya starta. Sababu yake ni hii: injini ya turbo ikikatiwa mafuta ikiwa inavuta kwa nguvu, mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi kuliko mafuta, joto linapanda na pistoni zinaweza kutoboka. Waya wa rilei ya pampu ukilegea siku moja uko Barabara ya Bagamoyo, umepoteza injini kwa mkono wako mwenyewe. Starta ikikatika, ubaya wake ni kwamba gari halitawaka tu.

Tumia rilei ya volti 12 ambayo mzunguko wake uko wazi inapokuwa haina umeme. Mwizi akiing'oa, waya unabaki umekatika. Maungio yote ya waya yachomwe kwa risasi, yasibanwe kwa klipu za plastiki, halafu yafungwe kwa tepu nyeusi ya kitambaa inayofanana na ya kiwandani. Tepu ya plastiki inayong'aa katikati ya waya za kiwandani inamwonyesha mwizi kila kitu. Usiiweke chini ya usukani, maana hapo ndipo kila mkono unapoanzia kupapasa. Mwambie fundi akuchoree mchoro, nao ukae nyumbani, usikae kwenye dashibodi.

Soketi ya kupimia gari iliyo chini ya usukani, OBD, nayo iwekewe kifuniko chenye kufuli, kwa sababu hapo ndipo funguo mpya husajiliwa.

Hatua ya 3: Traka mbili, na betri iliyo hai

Traka ni kifaa cha kufuatilia gari lilipo. Ya kwanza iungwe kwenye umeme wa gari ili ikuonyeshe kila mwendo. Ya pili iwe ya betri yake yenyewe, inayoamka mara moja au mbili kwa siku, ikatuma mahali ilipo na kulala tena. Mwizi mwenye kifaa cha kuvuruga mawimbi huishika ile ya kwanza. Hii ya pili hana habari nayo wala hajui itaamka saa ngapi.

Laini ya traka ikiishiwa kifurushi, umefunga mapambo. Weka kikumbusho cha kulipia. Badilisha pia nywila ya kiwandani. Mwaka 2022 kampuni ya usalama ya BitSight ilitangaza kasoro kubwa kwenye traka ya MiCODUS MV720, moja ya traka za bei nafuu zilizosambaa duniani: nywila yake ya kuanzia ilikuwa 123456, na mtu wa mbali angeweza kufuatilia gari na hata kukata mafuta. Uliza pia akaunti ya traka imefunguliwa kwa jina la nani. Kama fundi ndiye aliyebaki na nywila, basi anajua unalala wapi na unasafiri lini.

Sasa betri. Magari haya hukaa wiki nzima bila kuguswa, na traka inaendelea kunywa. Gari lililolala vizuri hunywa chini ya miliampia 50. Hata hizo 50 kwa siku ni ampia-saa 1.2, na betri ya ampia-saa 60 itakuwa imefika nusu ndani ya siku 25. Pima kwa mita gari likiwa limetulia: volti 12.6 ni nzima, 12.0 inaelekea kukauka. Betri ikifa, alamu imekufa nayo, na traka ya kwanza inabaki na akiba yake ndogo tu. Wenye 911 wanaijua adha nyingine: kwenye nyingi kati yake, boneti la mbele hufunguliwa kwa umeme, na betri iko chini yake. Tumia chaja ya kutunza betri. Porsche wenyewe huuza inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti.

Hatua ya 4: Tia alama kila kipande

Kuchora namba ya gari kwenye vioo na taa ni desturi yetu ya siku nyingi, na wenye magari ya bei huiona kama uchafu. Mimi naitetea kwa nguvu zote. Kwenye 911 za kizazi cha 996 na 997, taa nzima hutoka kwa kuzungusha kifungio kimoja ndani ya buti la mbele. Kama hutaki maandishi yaonekane, chora namba ya chasisi kwenye kingo za plastiki zinazofichika, na ndogo pembeni mwa kioo. Rimu ziwe na nati za kufuli, na bomba lake la kufungulia usiliache ndani ya gari.

Piga picha namba ya chasisi, namba ya injini na kila mkwaruzo. Kumbukumbu hizi hazizeeki. Ferrari F512M ya dereva wa Formula 1 Gerhard Berger iliibiwa Imola, Italia, mwaka 1995. Mwaka 2023 mnunuzi wa Marekani alipotaka kuinunua, Ferrari walikagua wakagundua ni ile ya wizi, na mwaka 2024 polisi wa London wakaikamata. Miaka karibu 29, na namba bado ilizungumza.

Ukaguzi huo ufanye na wewe kabla ya kulipa. Range Rover zilizoibiwa Uingereza zimewahi kukamatwa bandarini Mombasa ndani ya makontena.

Hatua ya 5: Watu wanaolishika

Ukipeleka gari gereji au kuosha, toa ufunguo mmoja tu, bila rimoti ya geti wala funguo za nyumba. Ukiwa unauza, kuwa mkali zaidi. Mwaka 2019 huko Düsseldorf, Ujerumani, mtu aliyejifanya mnunuzi wa Ferrari 288 GTO ya thamani ya zaidi ya euro milioni 2 alisubiri muuzaji ashuke wabadilishane viti, akakanyaga mafuta na kuondoka. Gari lilipatikana baadaye, lakini wewe usitegemee hivyo. Mkishuka kubadilishana viti, injini izimwe na ufunguo uwe mfukoni mwako.

Hatua ya 6: Bima

Chukua bima kubwa, na thamani ikubaliwe kwa maandishi mwanzoni, kwa sababu bei za magari haya hazifuati bei za kawaida za sokoni. Waeleze pia kizuizi na traka ulizofunga. Hakikisha stika yako inaonekana kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini.

Hatua ya 7: Likishaibiwa

Fungua programu ya traka, piga picha ya skrini, nenda kituo cha polisi uchukue RB (namba ya taarifa yako), kisha ipigie simu kampuni ya bima siku hiyohiyo. Usilifuate mwenyewe hata kama unaliona limesimama mtaa wa pili. Wape polisi mahali lilipo na uendelee kuwasomea mwendo wake kwa simu. Funguo zote mbili zitunze, bima watazidai.

Likipatikana, usiliwashe. Lipakiwe kwenye gari la kuvuta. Polisi wakishamaliza ukaguzi wao, fundi atoe terminali ya betri, aangalie waya zilizoguswa na traka isiyo yako, kisha funguo zote zifutwe na zisajiliwe upya kabla halijarudi kulala kwako.