Namna ya kupata cheti cha kifo RITA bila kuzungushwa (anza na jina)

Wiki ya msiba hakuna anayewaza makaratasi, watu wanawaza jeneza, turubai, gari la kwenda kijijini, nani atapika. Alafu miezi mitatu inapita, benki wanasema leteni cheti cha kifo, mfuko wa pensheni wa NSSF nao hivyo hivyo, mtoto anaomba mkopo wa chuo anaulizwa cheti cha baba, ndo sasa mnaanza kukimbizana. Mimi nimeshafuatilia vyeti vitatu vya familia yetu RITA, yaani wakala wa serikali wa usajili Tanzania bara, viwili Dar kimoja mkoani, na vyote vitatu shida ilianzia sehemu moja, kwenye mstari wa jina.

Baba yetu mdogo mtaani wote walimjua kama Mzee Side. Alipozidiwa usiku aliyemkimbiza hospitali ni jirani na bajaji yake, mapokezi wakauliza jina, jirani wa watu akasema "Saidi Mzee". Kitambulisho chake cha taifa, cha NIDA, kina majina matatu na hilo Mzee halimo kabisa. Basi faili likaandikwa Saidi Mzee, karatasi ya kifo Saidi Mzee, kibali cha kuzika Saidi Mzee, na sisi tukapokea tu maana nani anasoma karatasi huku analia? Cheti kikatoka Saidi Mzee na benki wakasema huyu hatumjui, sisi mteja wetu ni mwingine. Tulihangaika miezi miwili na viapo na barua za mtendaji kurekebisha maneno mawili.

Kwahiyo hatua ya kwanza kabisa ni hospitali, kabla mwili haujatoka mochwari. Mtafuteni ndugu mmoja ambaye kichwa kimetulia, sio mjane na sio mtoto wa marehemu, aende na kitambulisho cha marehemu mkononi, NIDA au kadi ya mpiga kura au pasi ya kusafiria, asimame pale mpaka jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho. Aangalie na umri, jinsia na tarehe ya kufa, maana mtu akifa saa sita na nusu usiku kuna wanaoandika jana kuna wanaoandika leo. Hospitali watawapa karatasi ya taarifa ya kifo na kibali cha mazishi. Hicho kibali SIO cheti cha kifo jamani, kuna watu wanakaa nacho miaka kumi wakiamini wana cheti. Piga picha kila karatasi na simu hapo hapo, toa na fotokopi, kwasababu kwenye mazishi karatasi inapita mikono mingi na ikishazama hamjui ilizamia kwa nani.

Kama mtu amefia nyumbani, anzeni kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa alafu kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, yeye ndo anaandika taarifa ya kifo. Kama ni ajali au kifo cha utata polisi wanaingia kwanza na mwili unafanyiwa uchunguzi, hapo msijaribu kukata kona, zikeni baada ya polisi kuruhusu.

Hatua ya pili ni kusajili, na sheria inataka kifo kitolewe taarifa ndani ya siku 30. Ndani ya hizo siku mambo ni mepesi na ada ni ndogo, zikipita bado utapata ila utaongezewa ada na vielelezo. Kwa bara ofisi ni RITA, na wilayani msajili anakaa kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya, kwahiyo usipande basi kuja Dar kwenye jengo la RITA mtaa wa Makunganya kama wilaya yako iko pale pale ulipo. Zanzibar RITA haihusiki, huko kuna wakala wao wa usajili wa matukio ya kijamii na safari inaanzia kwa sheha.

Siku hizi maombi yanaingia mtandaoni kwenye eRITA, mfumo wa RITA wenyewe. Unafungua akaunti kwa imeili na namba ya simu, unajaza taarifa za marehemu, mahali alipofia, na wewe muombaji ni nani kwake, unapandisha vielelezo ulivyoskani, unapata kontrol namba unalipia kwa simu au benki, unachagua na ofisi utakayochukulia cheti. Rahisi, ila wengi tunaenda steshenari tufanyiwe, na hapa nina neno. Yule kijana wa steshenari ana haraka, ana foleni ya watu, atatumia imeili YAKE na neno la siri lake, ukitaka kuangalia maombi yamefikia wapi inabidi umfuate yeye na wiki ijayo ameshahama duka. Fungueni imeili yenu, neno la siri liandikwe kwenye daftari la nyumbani, na kabla hajabonyeza kutuma mwambie ageuze skrini, soma jina kwa kidole. Mimi nilimkuta ameandika mwaka wa kuzaliwa wa marehemu 1995, bibi wa watu alizaliwa 1959.

Vielelezo ambavyo huwa vinatakiwa ni ile karatasi ya hospitali au ya mtendaji, kibali cha mazishi, kitambulisho cha marehemu na cha kwako muombaji. Kama mmechelewa sana na karatasi za hospitali hazipo tena, mtahitaji barua ya serikali ya mtaa au kijiji alikozikwa, pamoja na kiapo mbele ya hakimu au wakili. Kanisa au msikiti uliozika nao unaweza kuwaandikia, msiudharau.

Alafu vishoka, wale wanaouza vyeti feki. Utawakuta nje ya ofisi wanakwambia cheti leo leo, elfu kadhaa tu. Karatasi watakupa kweli, tena nzuri yenye muhuri, lakini kwenye rejesta haimo, na siku mtoto anaenda kuihakiki kwa ajili ya Bodi ya Mikopo inarudi haitambuliki, na kosa linakua la kwako wewe uliyeiwasilisha. Na kwa wenye watoto wanaotarajia mkopo, huo uhakiki nao una maombi yake eRITA na malipo yake, fanyeni mapema, msisubiri dirisha la mikopo lifunguliwe maana hapo mtandao unakua mzito na kila mtu ana haraka.

Cheti kikitoka usikikunje ukaondoka, kisome mbele ya karani. Kosa likionekana siku hiyo mnaongea, likionekana baada ya mwaka ni kuomba marekebisho kwa viapo. Ukiridhika toa fotokopi kama kumi, zigongwe muhuri na wakili, hizo ndo za kugawa benki na mifuko ya pensheni. Halisi unaionyesha, wanailinganisha, unarudi nayo. Usimwachie mtu halisi hata akikwambia ni utaratibu wao.

Mirathi ni safari nyingine, nitagusa tu: kikao cha familia chenye muhtasari uliosainiwa, mnamteua msimamizi, anaenda mahakamani na cheti cha kifo, kwa mahakama ya mwanzo anajaza fomu namba moja na shauri linatangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Bila cheti hata faili halifunguliwi.

Mwisho ni wale wanaotafuta kifo cha zamani, babu alifariki miaka ya themanini na hakuna mwenye karatasi. RITA wanaweza kupekua rejesta wakakupa nakala kama kilisajiliwa, ila wanahitaji tarehe na wilaya, na hapo ndo nyumbani kila mtu anakumbuka mwaka wake. Anzeni na wasifu wa marehemu uliosomwa siku ya mazishi, kuna shangazi amekunja mmoja ndani ya Biblia au sandukuni. Nendeni makaburini mkasome msalaba au kibao. Parokia nyingi zina kitabu cha waliozikwa. Tangazo la gazetini mnaweza kulitafuta Maktaba Kuu pale Dar mkijua angalau mwezi. Matangazo ya vifo ya Redio Tanzania tuliyakuta wazee wakiyasikiliza kila siku nyumba nzima imenyamaza, lakini hayo yalipita na hewa, labda awepo mtu aliyeandika tarehe nyuma ya mlango kwa chaki kama bibi yetu, ambayo ndo tuliyoenda nayo ofisini.