Kabla ya Kulaumu Pampu ya Dizeli Iliyotoka kwa Fundi

Mvua za Machi zinapokaribia, karakana za pampu za dizeli (zile zinazosukuma mafuta kwenye injini ya trekta) za Nakuru, Eldoret na Kitale hujaa, na wiki mbili baadaye baadhi ya pampu zilezile hurudi mlangoni, zikibebwa na wenye trekta waliokasirika kwamba wamelipa pesa nyingi na mtambo bado hauwaki. Malalamiko mengine ni ya haki. Hata hivyo, trekta nyingi nilizoitiwa shambani kwa sababu ya pampu mbovu zilikuwa na tatizo kabla ya pampu au baada yake, na mwenyewe angeweza kuligundua kwa spana mbili, chupa safi na subira ya asubuhi moja. Ushauri huu haumfundishi mkulima kufungua pampu yenyewe, kwa kuwa sehemu zake za ndani zimesagwa kwa usahihi wa sehemu za elfu moja za milimita na hurekebishwa kwenye mashine ya majaribio ambayo haipatikani nyumbani kwa mtu. Unamwonyesha namna ya kujua kama kosa ni la pampu kweli, kabla hajakata waya wa lakiri na kupoteza dhamana ya fundi.

Kwanza ijulikane ni pampu ya aina gani. Massey Ferguson 135 na 240 za dizeli, ambazo huonekana kila kona kuanzia Molo hadi Kimilili, zina injini ya Perkins ya silinda tatu yenye pampu ya mzunguko ya kampuni ya CAV, aina ya DPA. Ndani yake jozi moja ya pistoni ndogo husukuma mafuta ya silinda zote, na rota inayozunguka huyagawa kwa zamu. Pampu hiyo haina oili yake: dizeli inayopita ndani ndiyo huilainisha, na ndiyo maana maji au mchanga kidogo tu huiua. Aina ya pili ni pampu ya mstari, ambayo ina pistoni ya kila silinda peke yake, na baadhi ya pampu hizo hubeba oili yake chini, ambayo humwagwa wakati wa ukarabati. Anayeifunga pampu ya namna hiyo na kuwasha injini bila kuuliza kama imejazwa oili atairudisha karakana kabla ya jua kutua, na safari hiyo hatakuwa na wa kumlaumu.

Kuwasha kwa mara ya kwanza kuna hatari yake. Gavana ya pampu (hii ya kudhibiti kasi ya injini, si yule wa kaunti) ikikwama, injini inaweza kupanda mbio bila kusikia akseli wala kamba ya kuzimia. Kwa hiyo bomba la hewa liondolewe mapema ili mdomo wa kuingizia hewa ufikike, na mtu mzima asimame karibu akiwa na ubao bapa wa kuuziba. Asiuzibe kwa mkono. Tena, mafuta yanayotoka kwenye bomba la nozeli (kinyunyizio cha mafuta ndani ya silinda) yana shinikizo linalozidi lile la tairi la gari dogo zaidi ya mara 70, na hupenya ngozi kama sindano. Uvujaji utafutwe kwa kipande cha katoni, si kwa kidole. Aliyepenywa aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama jeraha linaonekana dogo kama la mwiba, kwa sababu dizeli iliyoingia mwilini huharibu nyama kimyakimya na kidole kinaweza kukatwa.

Uchunguzi uanzie kwenye tangi. Naliandika hili kwa aibu kidogo, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kumshawishi mkulima wa Subukia ang'oe pampu iliyokuwa na siku nne tangu itoke karakana, tukaipeleka Nakuru, ikapimwa ikaonekana nzima, na tuliporudi tukakuta jani la muhindi limeziba bomba chini ya tangi. Tangu siku hiyo nafungua bomba la kuingia kwenye pampu na kupiga kwa mkono pampu ndogo iliyo ubavuni mwa injini, ile inayovuta mafuta kutoka kwenye tangi, kabla ya kusema neno lolote. Mafuta yatoke kwa nguvu na kwa mipigo, si kwa kudondoka. Ikiwa wenzo wa pampu hiyo ndogo hauna mvuto, kwa kawaida haujaharibika. Kamu iliyo ndani (kinundu kinachozunguka na injini) imeukalia, na injini ikizungushwa mzunguko mmoja wenzo utafanya kazi. Injini ikiwaka vizuri kisha ikafa baada ya dakika kumi, mfuniko wa tangi ufunguliwe: mlio wa hewa ikinyonywa ndani utaonyesha kwamba kitundu cha kupumulia kimezibwa na vumbi.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha chombo cha pembeni. Mtungi safi wa lita tano huning'inizwa juu ya injini, ukiwa na dizeli iliyochujwa na mpira mwangavu unaoingia kwenye filta mpya, na injini ikawashwa kwa mafuta hayo. Ikikimbia bila kusita, pampu haina kosa, na tatizo limo kwenye tangi, mabomba, filta ya zamani au pampu ndogo. Mapovu yakionekana yakipita ndani ya mpira, kuna kiungo kinachovuta hewa, na mara nyingi ni washa ya shaba (pete ya kuziba kiungo) iliyotumika mara ya pili au ya tatu. Washa mpya ni bei ya maandazi. Sioni sababu ya kurudisha kuukuu kwenye pampu iliyogharimu maelfu.

Kutoa hewa, au kutoa upepo kama mafundi wasemavyo, ndiko kunakowashinda wengi, kwa kuwa huruka hatua. Skrubu ya juu ya filta hulegezwa kwanza na pampu ndogo hupigwa hadi mafuta yatoke bila povu, kisha skrubu ikazwe. Baadaye ni zamu ya skrubu ya ubavuni mwa DPA, kisha ile ya juu ya kifuniko cha gavana. Mwisho, nati za mabomba hulegezwa upande wa nozeli, akseli ikafunguliwa yote, wenzo wa kuzimia ukahakikishwa umerudi mahali pa kuwaka, na starta ikapigwa hadi kila bomba liteme mafuta. Starta isipigwe zaidi ya sekunde 15 kwa mara moja bila kupumzishwa kwa dakika nzima. Kuhusu wenzo wa kuzimia, kamba yake ikiwa fupi baada ya pampu kurudishwa, hubaki nusu imefungwa. Na penye swichi ya umeme ya kukata mafuta, lazima isikike ikigonga ufunguo unapowashwa.

Starta ikipigwa, moshi wa ekzosi utazamwe kwa makini. Pasipo moshi wowote, mafuta hayafiki kwenye silinda. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi humaanisha mafuta yanafika lakini hayaungui, na hapo mtu ashuku taimingi (wakati pampu inapopeleka mafuta) au mgandamizo wa silinda. Kwenye DPA shafti huingia kwa njia moja tu, kwa hiyo kosa kubwa ni gumu kutokea, lakini flanji, yaani ukingo wa pampu unaofungwa kwa nati, ina matundu marefu yanayoruhusu pampu kuzungushwa kidogo, na alama iliyochorwa juu yake ni lazima ilingane na ile ya kasha la gia. Kupishana kwa milimita mbili kunatosha kuharibu kazi. Pampu ikichelewesha, injini huwaka kwa shida, hupata joto na hukosa nguvu; ikiwahisha, hugonga kwa ukali, na injini inayogonga hivyo tangu dakika ya kwanza izimwe, isisubiriwe itulie yenyewe.

Ikiwa silinda moja haifanyi kazi, nati ya kila bomba hulegezwa moja moja injini ikiwa kwenye mwendo wa chini. Ile ambayo ikilegezwa mlio haubadiliki ndiyo yenye shida. Hapa ndipo kujua aina ya pampu kunapookoa pesa: kwenye DPA, pistoni zilezile zinalisha silinda zote, kwa hiyo ni nadra pampu kuinyima moja na kuzipa nyingine. Nozeli ya silinda hiyo ibadilishwe nafasi na ya jirani yake. Tatizo likihama pamoja na nozeli, kilichoharibika ni nozeli. Kwenye pampu ya mstari hoja hiyo haisimami, kwa maana pistoni moja au vali yake inaweza kufa peke yake.

Lipo kosa moja ambalo kwa hakika ni la pampu, nalo ni trekta kuwaka vizuri asubuhi na kukataa kabisa mchana ikiwa moto. Tambara lililoloweshwa maji baridi liwekwe juu ya pampu, injini ikiwa imezimwa, kwa dakika kumi. Ikiwaka baada ya hapo, rota na kichwa chake vimelika, na dizeli iliyopata joto ikawa nyepesi inavuja ndani kwa ndani. Ukarabati uliobadilisha mipira peke yake hauwezi kuponya ugonjwa huo, na mkulima ana haki ya kuuliza kwa maandishi ni vipuri gani vilivyobadilishwa.

Moshi mweusi trekta ikivuta haro hulaumiwa pampu kwa urahisi mno. Filta ya hewa iliyojaa vumbi la Rongai huleta moshi uleule. Pia pampu iliyopangwa kwa kazi ya mpunga wa Ahero, karibu na Kisumu iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, itatoa moshi mzito ikihamishiwa Mau Narok, ambako hewa ni nyepesi zaidi na kipimo kilekile cha mafuta hakipati hewa ya kukiunguza. Karakana iambiwe trekta itafanya kazi wapi.

Baada ya saa kumi za kwanza kijiti cha oili kichunguzwe. Oili ikiwa imepanda na kunuka dizeli, sili ya shafti ya pampu au kiwambo cha pampu ndogo kinavuja kuingia kwenye injini, na kulima kuendelee tu baada ya kurekebishwa na oili kumwagwa. Kuhusu mafuta yenyewe, dizeli ya mitungi ya kando ya barabara siishauri. Ada iliyowekewa mafuta taa mwaka 2018 ilipunguza faida ya kuyachanganya na dizeli, lakini haikumaliza tamaa, na mafuta taa hayalainishi pampu inavyotakiwa.

Pampu ikibidi kurudishwa, matundu yake yazibwe kwa vifuniko safi vya plastiki, si kwa tambara linaloacha nyuzi, na nozeli zote ziende pamoja nayo ili zipimwe. Karatasi iandikwe trekta iliwaka lini, moshi ulikuwa wa rangi gani, tatizo ni la baridi au la joto, na lilionekana vipi kwenye kipimo cha mtungi. Kisha mkulima aombe kuwapo pampu inapowekwa kwenye mashine. Fundi anayejiamini atamvutia kiti.